Siku niliyomshonea Kawa shati

Nilirudi na Kawa kutoka saluni Jumamosi saa nane mchana, amenyolewa hadi ngozi, mkia peke yake ndio ulioachiwa manyoya, kama fagio. Nilicheka mpaka nikashindwa kukaa kwenye cherehani. Ilipofika saa moja ya usiku kicheko kilikuwa kimekwisha.

Niseme kwanza Kawa ni nani, maana wengi mnaosoma hapa mnajua vikwembe ninavyoshona, mbwa wangu hammjui. Ni wa rangi ya kahawa, ndiyo asili ya jina. Mama yake alikuwa mbwa wa mzungu mmoja aliyekaa Himbi, hapa Goma, jike la manyoya marefu kama zulia. Baba yake ni yeyote aliyeruka ukuta. Alizaliwa mwanzoni mwa Aprili 2021. Tarehe 22 Mei volkano yetu, Nyiragongo, ikalipuka, na tarehe 27, lilipotoka tangazo la watu kuhama, nilikwenda Sake kwa miguu, mwanangu Neema nimemshika mkono, mgongoni nimebeba kichwa cha cherehani ndani ya mfuko, na juu ya kichwa cha cherehani, mtoto wa mbwa. Alinikojolea bobini zote. Kwa hiyo mtu akiniambia "ile ni imbwa tu", huwa simjibu, namtazama.

Kiangazi cha Goma mnakijua. Mvua ikikatika mwezi wa sita, yale mawe meusi ya volkano yanayosagwa na magari barabarani yanakuwa unga, na unga ule unaingia kila mahali: kwenye mashine, kwenye sombe (mboga ya majani ya muhogo), kwenye meno. Kwa Kawa uliingia kwenye manyoya ukakaa. Manyoya yakasokotana yakawa mafundo magumu nyuma ya masikio, kwapani, na kwenye mapaja kwa ndani. Nilivunja vitana viwili. Mkasi sikuthubutu kuutumia. Mwaka jana nilijaribu kukata fundo moja kwa mkasi wangu wa kitambaa, kumbe ukivuta fundo, ngozi nayo inapanda pamoja nalo na huioni. Nilimkata jeraha la ukubwa wa tundu la kifungo, na sijasahau alivyoniangalia.

Nyuma ya barabara yetu hapa Keshero kuna kijana mwenye saluni ya kunyoa vichwa. Simtaji jina, ni kijana mzuri, na wateja wake wengine ni wasomaji wangu. Nilipomuuliza kama anaweza mbwa, akanijibu, "Mama Neema, kichwa ni kichwa. Umulete." Franka 10,000.

Nilikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma. Nilimshika Kawa mwenyewe juu ya benchi, nikamtuliza kwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga, mojamoja, huku kijana akipitisha mashine. Mafundo yalikuwa mengi, kazi ikachukua saa moja na nusu, na mashine haikuzimwa hata mara moja. Ikafika wakati nikasikia harufu, ile ya mafuta ya mashine yaliyopata moto. Naijua vizuri sana, maana mota ya cherehani yangu hunuka hivyohivyo nikiilazimisha kushona jinzi mchana kutwa. Mimi nisiyepiga pasi kitambaa cha mteja kabla ya kuijaribu kwenye kipande cha kutupa, nilisikia harufu ile nikanyamaza. Nilisema moyoni, kila mtu na kazi yake.

Alipomaliza akachukua spiriti, akampulizia Kawa tumboni na mapajani kama anavyowapulizia wanaume shingoni. Kawa alipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakasimama. "Ni baridi tu, mama," kijana akasema.

Nyumbani nikaongeza langu. Alikuwa amejaa vipande vya manyoya na ananuka spiriti, nikaona nimwogeshe. Wiki ile bomba letu lilikuwa halitoi. Maji tulikuwa tunachota ziwani, pale Kituku, ambako vijana wa klorini wanakutilia dawa kwenye bidoni kwa sirinji ndipo uondoke. Nilikuwa na bidoni mbili za kutupeleka hadi Jumatatu. Basi nikamwogesha kwa sabuni ya unga ya kufulia, povu likawa zuri kweli, na kusuuza nikasuuza kwa beseni moja. Mtu aliyezoea kufua anajua nguo isiyosuuzwa sawasawa inavyokauka ikawa ngumu na kuwasha shingoni. Nilijua. Lakini nilihesabu maji.

Saa moja ya usiku alikuwa amejikunja chini ya meza yangu ya kukatia, mguu juu, anajilamba paja. Ulimi ulikuwa unatoa sauti kama ya mtu anayekunywa uji wa moto. Nikamulika kwa simu. Pajani, kwapani na pembeni mwa tumbo ngozi ilikuwa nyekundu, tena kwa mistari, mistari iliyonyooka yenye upana mmoja, upana wa meno ya mashine. Nimewahi kuona alama kama ile kwenye satini ya bibi harusi, na wakati ule niliilipa satini. Nikamwambia Kawa aache, akaacha. Nikazima taa, akaanza tena.

Jumapili baada ya misa habari ilikuwa imefika kila nyumba, na kila nyumba ikaleta dawa. Mzee wa geti la pili alileta majivu na ndimu. Kijana wa pikipiki alileta kichupa cha mafuta meusi, yale yanayomwagwa pikipiki ikibadilishiwa oli, akaniapia kwamba kwao mbwa wote hupakwa hayo. Namwamini, nimewaona mbwa waliopakwa wakitembea weusi kama sufuria. Mdogo wangu wa kike naye akatoa kwenye mkoba tyubu ya kujichubulia. "Yaya, hii inatoa kila kitu kwa ngozi." Nikamwambia kweli, inatoa pamoja na ngozi yenyewe. Alinuna hadi jioni.

Niliyemkubalia ni Mama Riziki, kwa sababu ni jirani wa miaka mingi na kwa sababu dawa yake ilionekana ya upole: mawese. "Mupake mawese, ngozi italainika." Nikampaka Kawa mawese pajani na kwapani, kwa vidole, taratibu. Akanitazama kwa shukrani. Halafu akainama akaanza kula.

Mawese ni chakula! Mbwa anayekula sombe langu kila siku, mimi nimempakia mchuzi kwenye kidonda. Alijilamba usiku kucha kwa juhudi ambayo sijawahi kuiona kwake. Asubuhi ya Jumatatu mstari wa pajani haukuwa tena mstari. Ulikuwa kidonda chenye majimaji, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, kinang'aa, kinanuka, na pembeni kimeanza kutoa usaha wa manjano. Jumapili usiku kilikuwa kama kifungo cha koti.

Nikampigia daktari wa mifugo. Huyu tumezoea kumwona na ng'ombe na mbuzi, mbwa kwake ni kazi ya katikati ya wiki. Alikuja kwa pikipiki saa sita, akakaa kwenye kiti cha wateja wangu, na nilivyotegemea atafungua mfuko wa dawa, yeye akaanza maswali. Wekundu ulianza saa ngapi? Ulianza wapi? Alioga kabla ya kunyolewa au baada? Kwa sabuni gani? Naomba niione. Ni hii ya unga, au kuna ya maji iliyochanganywa kwenye chupa ikakaa siku nyingi? Hapo nilishangaa, nikamuuliza chupa inahusu nini.

Hakunijibu mara moja. Alipitisha vidole mgongoni mwa Kawa kutoka shingoni mpaka mkiani, akibonyeza polepole, anamtazama Kawa usoni badala ya kutazama mkono wake. Kawa alitulia tu. Kisha akampima joto kule nyuma, jambo ambalo Kawa hakulipenda: 38.9. Nikashtuka, nikasema ana homa. Akacheka. Joto la mbwa liko juu kuliko letu, 38 hadi 39 na kidogo ni la kawaida.

"Sasa sikia, mama," akasema. "Kama ingekuwa mgongoni, vipele vyenye usaha, siku moja ao mbili nyuma ya kuoga, na ukimugusa analia, na joto limepanda, hapo ningeogopa." Akaeleza kwamba kuna watu wanaoongeza maji kwenye chupa ya sabuni ili isiishe, chupa inakaa wiki nzima, vijidudu vinazaliana humohumo ndani ya sabuni. Siku ya kumwogesha mbwa wanamsugua kwa nguvu kinyume cha manyoya, na vijidudu vinasukumwa ndani ya vitundu vya manyoya. Mbwa wa namna hiyo anaweza kuugua vibaya sana kwa siku chache. Mimi kila wiki naongeza maji kwenye chupa yangu ya kuoshea vyombo. Niliitazama tu pale kwenye karai nikanyamaza.

Ya Kawa haikuwa hiyo. Ilikuwa imekaa pale ambapo ngozi ni nyembamba na ina mikunjo, yaani pajani, kwapani na tumboni, na ilianza siku ileile. Huo ni moto wa mashine. Ngozi ya juu ya mbwa, alinieleza, ina tabaka tatu hadi tano tu za chembe, yetu ina kama kumi hadi kumi na tano. Mimi nikaielewa kwa lugha yangu: yetu ni jinzi, yake ni shifoni, na watu wanaipigia pasi ya jinzi. Spiriti ikaja ikawasha palepale palipoungua. Halafu sabuni. Ngozi yetu ina uchachu kidogo, ya mbwa iko karibu na katikati, ndiyo maana hata sabuni nzuri ya watu haimfai sana. Unga wa kufulia ndio hata usiseme, tena ukibaki ngozini bila kusuuzwa.

"Lakini hiki kidonda," akanionyesha kile chenye majimaji, "haikufanya mashini. Amekifanya yeye na ulimi yake." Mahali panawasha, analamba, panalowa, vijidudu vinapenda palipolowa, panazidi kuwasha, analamba zaidi. Kwa saa chache tu kinatanuka. Nikafikiria mawese yangu. Sikumficha, nikamwambia. Alicheka mpaka akavua miwani.

Akaniuliza tena, sasa bila kucheka, kama nimempa kidonge chochote. Sikuwa nimempa, ila paracetamol ilikuwa rafuni, nimeshaivunja nusu, nikingoja usiku. Akaniambia niirudishe. Paracetamol inaweza kumwua mbwa, na ibuprofen vilevile, vipimo vyao si vyetu. Nikauliza na ile krimu nyeupe ya mapaja ya watoto wachanga, iliyobaki tangu Neema. Nayo hapana: ina zinki, ataila kama alivyokula mawese, na zinki tumboni mwa mbwa ni sumu.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo kuliko mazungumzo. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa. Unalowesha kitambaa safi, unakiweka juu ya kidonda dakika tano, husugui, unakiacha kikae tu kama unavyolowesha damu iliyokauka kwenye nguo nyeupe. Kisha ile dawa ya kahawia ya iodini ya farmasi, unaichanganya na maji mpaka iwe rangi ya chai isiyokolea, unagusisha. Kisha unakausha kwa kubonyeza. Mara mbili kwa siku, bila mafuta ya aina yoyote, na jua la saa sita asikae nje, maana tumbo lile halijawahi kuona jua. Kwa sababu ya usaha aliongeza vidonge vya antibiotiki kwa kadiri ya uzito wake, kilo 17, tulimpima kwa mimi kupanda mizani naye nikashuka nikapanda tena peke yangu. (Uzito wangu mimi hautaandikwa hapa.)

"Na ulimi?" nikauliza.

"Ulimi ni kazi yako, mama. Ukizuia ulimi, umeponya nusu."

Kwanza nilikata bidoni ya mafuta ya lita tano nikamvalisha shingoni kama tarumbeta. Alikwenda akagonga mlango, akagonga cherehani, akagonga Neema, akashindwa kunywa maji. Halafu akalala upande akajikunja kwa ufundi wa nyoka na ulimi ukafika pajani bila shida. Bidoni ilikuwa fupi. Nikaitupa, nikakaa, nikamtazama kama ninavyomtazama mteja aliyekuja na kitambaa pungufu.

Nilichukua futi. Shingo sentimita 38, kifua 61, kutoka ukosi hadi mwanzo wa mkia 56. Hakutulia, kwa hiyo ya kifua nilipima mara tatu nikapata namba tatu, nikachukua kubwa. Nilikuwa na mabaki ya kikwembe kizuri cha samaki wa bluu na nikakianza, nikakikata kabisa, ndipo nikakumbuka kwamba kikwembe kipya kina wanga. Mtu mzima mwenye ngozi nzima kinamkwaruza mpaka kifuliwe mara mbili, sembuse huyu. Nailoni na poliesta sikuzitaka, zinafungia unyevu, na kidonda kinachotaka kukauka hakitaki unyevu. Nikafungua sanduku la Baba Neema. Lilikuwepo shati lake la pamba, jeupe, la mistari ya kijivu, lililofuliwa miaka mingi hadi likawa laini kama jani la mgomba kukuu. Yeye alikuwa Butembo kikazi.

Mikono ya shati nikaifupisha ikawa ya miguu ya mbele. Vifungo nikavihamishia mgongoni, maana tumboni angevitafuna. Mishono yote nikaigeuza nje, isiguse ngozi. Nyuma nikaongeza vipande viwili vya kushuka mapajani, nikavifunga kwa kamba za kitambaa badala ya raba, kwa sababu raba inabana na mbwa hawezi kukuambia inabana. Nikamvalisha, akatoka uani kwa heshima, akainua mguu kwenye mti wa parachichi, akakojolea shati lote.

Ndiyo. Nimeshona suruali za wanaume miaka kumi na minne, na nilisahau.

Nikalifua kwa maji ya mwisho, nikakata tundu la duara tumboni nikalipiga pindo, na mara ya pili likakaa. Ukosi sikuutoa, nilichoka. Ndiyo maana Kawa alitembea Keshero wiki nzima na ukosi uliosimama, vifungo mgongoni, mwendo wa polepole kwa sababu ya paja, na watoto wakamfuata nyuma wakiimba, "Muheshimiwa! Muheshimiwa! Barabara itatengenezwa lini?" Usiku wa kwanza alitafuna kamba moja. Usiku wa pili alilala.

Jumatano kidonda kilikuwa kimekauka juu. Ijumaa kikafanya gaga, na mistari ya kwapani ikafifia ikawa rangi ya waridi, ikachubuka vumbi jeupe kama la unga wa muhogo, ikaisha. Vidonge nilimaliza vyote kama nilivyoambiwa, ndani ya tonge za bugali.

Jumatano hiyohiyo nilikwenda saluni. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, tena ya kutosha. Kijana akaniwahi: mashine ni mpya, imetoka Dubai, haiwezi kuunguza. Nikamwambia sawa, iwashe, tukae. Tukakaa. Tukaongea juu ya maji na juu ya bei ya makaa, mashine inalia mezani. Baada ya kama robo saa nikamwambia aiweke ndani ya kiwiko cha mkono wake, pale ngozi ni laini. Akaiweka. Akautoa mkono kwa haraka, akaitazama mashine kana kwamba imemtukana.

"Lakini mama," akasema polepole, "kichwa ya mutu ni dakika kumi."

Hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Kichwa cha mtu kinaisha kabla meno ya mashine hayajapata moto. Miaka yote hiyo hakuwa na sababu ya kuligundua. Nikamweleza nilivyoambiwa na daktari: azime kila baada ya muda, aguse meno kwa mkono wake mwenyewe, aweke mafuta, akiweza awe na seti mbili za meno moja ipoe nyingine ikifanya kazi, na asinyoe hadi ngozi, aache manyoya ya kimo cha nusu kidole. Spiriti abaki nayo kwa wenye ndevu. Alinirudishia franka 5,000. Nilizipokea, antibiotiki hazikuja bure.

Sasa mvua zimerudi, vumbi limelala, na manyoya ya Kawa yamefika urefu wa kiungo cha kidole. Namchana kila jioni kabla mafundo hayajapata nafasi. Pale pajani yameota meusi, mstari mmoja ulionyooka kwenye mbwa wa rangi ya kahawa, kama mshono uliofanywa kwa uzi wa rangi nyingine kwa sababu ule wake uliisha.

Baba Neema alirudi kutoka Butembo wiki iliyopita. Jumapili asubuhi, tukijiandaa kwa misa, nikamsikia chumbani anafungua sanduku, anafunga, anafungua tena. "Mama Neema, shati yangu ya mistari iko wapi?"

Nikamwambia amuulize Muheshimiwa.